Goti likiumia chuoni: kurudi uwanjani haraka au kuuacha msimu upite?

Saa kumi jioni, mvua ya Tukuyu imekatika lakini uwanja wa saruji bado una majimaji. Timu ya kikapu ya wasichana ya chuo kimoja cha ualimu inafanya mazoezi. Mchezaji wa mwaka wa pili anaruka kudaka ribaundi, anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani. Anasikia "pap!" Kabla ya chakula cha usiku goti limejaa na hawezi kulikunja.

Mashindano yamebaki wiki tano. Wenzake wanamwambia ajikaze. Kocha anauliza kila asubuhi, "Vipi, mguu unaendeleaje?" Nyumbani wanataka apelekwe akachuliwe. Yeye mwenyewe anawaza jambo moja: huu ndio mwaka wake wa mwisho chuoni. Acheze, au auache msimu upite?

Mchezaji huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake inawakuta wanafunzi wengi, kuanzia sekondari hadi vyuo vikuu. Haya ndiyo ya kujua kabla ya kuamua.

Kwa ufupi

• Jina la jeraha linatangulia. Bila kujua kilichoumia, hakuna uamuzi, kuna kubahatisha tu.
• Tarehe ya mashindano haiponyi goti. Kinachoruhusu kurudi ni vipimo.
• Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayeruhusu. Kocha anaweza kumzuia mchezaji, hawezi kumruhusu.
• Tanzania haina utaratibu wa kurudishiwa msimu uliokosa kwa sababu ya kuumia. Lakini kikapu hakiishii chuoni.

Marekani kuna "shati jekundu", hapa hakuna

Katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, swali hili lina jibu la kikanuni. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi katika daraja la juu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inampa mwanafunzi misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo akikaa nje mwaka mmoja huku akiendelea kusoma na kufanya mazoezi na wenzake, msimu wake haupotei. Mwaka huo huitwa wa shati jekundu, kutokana na jezi za mazoezi walizovaa wachezaji ambao hawakupangwa kucheza mechi.

Aliyeumia ana njia yake pia. Kwa kawaida anaweza kuomba msimu wake uhifadhiwe ikiwa aliumia kabla ya nusu ya msimu na hakuwa amecheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi. Chuo kinapeleka ushahidi wa daktari, ombi linajadiliwa, na likikubaliwa msimu ule unahesabiwa kama hakuucheza.

Hapa nyumbani hesabu ni nyingine. Sekondari wana UMISSETA, vyuo vya ualimu wana UMISAVUTA, na vyuo vikuu wana mashindano yanayoratibiwa na TUSA. Anayeshiriki ni mwanafunzi wa mwaka husika. Akimaliza masomo, basi. Aliye kwenye kozi ya ualimu ya miaka miwili ana nafasi mbili tu. Aliye kidato cha nne akikosa mashindano ya katikati ya mwaka, mwezi Novemba ana mtihani wa taifa, na baada ya hapo nafasi nyingine ataipata tu akifaulu kwenda kidato cha tano.

Ndiyo maana presha ya kurudi mapema huku ni kubwa. Mchezaji anajua hakuna wa kumwekea msimu wake.

Lakini kuna upande wa pili. Mchezaji wa Marekani mara nyingi anasomeshwa na kikapu: ada, chakula na malazi vinategemea nafasi yake kwenye timu. Mwanafunzi wa Mpuguso, Tukuyu au Mbeya kwa kawaida anasoma kwa ada ya mzazi au kwa mkopo, na akikosa mashindano bado anabaki chuoni. Kwa hiyo anayekaa nje hapa anapoteza mechi. Anayerudi kabla ya wakati anaweza kupoteza goti, na goti hilo atalihitaji darasani, shambani na kwenye vilima vya Rungwe kwa miaka 40 ijayo.

Kwanza jina la jeraha

"Nimeumia goti" au "nimeteguka" bado si jibu. Majeraha yanayowapata wachezaji wa kikapu yanatofautiana sana kwa muda wa kupona.

Kifundo cha mguu kuteguka. Hili ndilo la kawaida kuliko yote: mchezaji anatua juu ya mguu wa mwenzake na kifundo kinajipinda. Likiwa jepesi, ligamenti imevutika tu, wengi hurudi ndani ya wiki moja hadi tatu. Likiwa la kati, ligamenti imechanika kiasi, hesabu wiki tatu hadi sita. Ikikatika kabisa inaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi.

Ligamenti ya ndani ya goti kuvutika. Maumivu yanakuwa upande wa ndani wa goti. La daraja la kwanza hupona kwa wiki chache bila upasuaji.

ACL kukatika. ACL ni ligamenti iliyo katikati ya goti inayozuia mfupa wa ugoko kuteleza mbele. Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa: mchezaji anatua, anasimama ghafla au anageuka. Dalili zake ni mlio wa "pap", goti kuvimba ndani ya saa chache, na baadaye goti "kukimbia" mtu anapogeuka. Hili si jeraha la wiki tano. Baada ya upasuaji, kurudi kwenye kikapu huchukua miezi 9 hadi 12. Wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi bila upasuaji, lakini michezo ya kuruka na kugeuka kama kikapu na netiboli inabaki na hatari kubwa kwao.

Wasichana wanapaswa kulipa jambo hili uzito wa pekee. Katika michezo ya aina hii wao hukatika ACL mara mbili au zaidi ya wavulana.

Meniskasi kuchanika. Hizi ni gegedu mbili zinazokaa kama mito ndani ya goti. Zikichanika, goti linaweza kukwama na kukataa kunyooka.

Mfupa kupata ufa wa uchovu. Huu hauji kwa kuanguka. Maumivu huanza kidogo kidogo kwenye ugoko au unyayo na kuongezeka kila mazoezi. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Anayeendelea kucheza juu ya ufa anaweza kuuvunja mfupa kabisa.

Kugongwa kichwa. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika, akaona ukungu au akasahau kilichotokea, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yuko fiti. Akipoteza fahamu, akitapika tena na tena au maumivu ya kichwa yakizidi, ni safari ya hospitali papo hapo.

Wawili waliokabiliwa na swali hilihili

Tarehe 20 Februari 2019, Zion Williamson wa chuo kikuu cha Duke alianguka sekunde 36 tu baada ya mechi dhidi ya North Carolina kuanza. Kiatu chake kilipasuka na goti likajipinda. Wengi walimshauri asicheze tena msimu ule, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba angechaguliwa na timu ya NBA miezi michache baadaye. Vipimo vikaonyesha ni kuteguka kwa daraja la kwanza. Alikosa mechi tano zilizofuata, akarudi tarehe 14 Machi dhidi ya Syracuse. Alifunga pointi 29 na hakukosa hata mtupo mmoja kati ya 13 aliyorusha wakati wa mchezo. Juni mwaka huo alichaguliwa wa kwanza.

Miaka mitano kabla yake, Joel Embiid, Mkameruni aliyekuwa chuo kikuu cha Kansas, alipata ufa kwenye mfupa wa mgongo mwezi Machi 2014. Hakucheza mashindano ya taifa ya vyuo, na Kansas wakatolewa na Stanford. Mwezi Juni akagundulika na ufa mwingine kwenye mfupa wa unyayo. Timu ya Philadelphia ilimchagua wa tatu hivyohivyo, kisha ikamkalisha nje misimu miwili mizima, 2014–15 na 2015–16. Mwaka 2023 alitangazwa Mchezaji Bora wa NBA. Majeraha mengine yaliendelea kumsumbua, maana kupumzika hakumpi mtu mwili mpya. Lakini misimu ile miwili ya kukaa nje haikumzuia kufika hapo.

Mmoja alirudi baada ya siku 22, mwingine alikaa miaka miwili. Kilichowatofautisha ni karatasi ya daktari: mmoja ligamenti ilivutika, mwingine mfupa ulipasuka. Ujasiri haukuwa na kazi hapo.

Siku tatu za mwanzo

Mambo mengi huharibika hapa, kabla hata mchezaji hajaonana na daktari.

Fanya hivi: acha kucheza mara moja. Weka barafu au maji baridi sana yaliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji ya kuvutika bila kukaza hadi vidole vife ganzi. Inua mguu juu ya mto ukilala. Tumia magongo kama kukanyaga kunauma.

Usifanye haya: usichue, usikande kwa maji ya moto, usipake dawa za kuchoma ngozi, na usimruhusu mtu "kulirudisha" goti kwa kulivuta. Kuchua jeraha bichi huongeza damu na uvimbe. Kama kuna mfupa uliovunjika, kulivuta goti kunaweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Mzee anayesisitiza kuchua anafanya hivyo kwa upendo, na anaweza kuombwa kwa heshima asubiri hadi picha zitoke.

Dawa za maumivu zina mtego wake. Kidonge au sindano ya diklofenaki inaondoa maumivu, haiungi ligamenti. Anayemeza dawa ili aweze kucheza amezima kengele huku moto unawaka.

Pa kwenda ukiwa Rungwe

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya ya Rungwe iliyopo Makandana, Tukuyu. Ipo pia Hospitali ya Igogwe. Huko mgonjwa anachunguzwa na, ikihitajika, anapigwa eksirei kuona kama kuna mfupa uliovunjika.

Kuna alama rahisi za kujua kama kifundo kinahitaji eksirei: ukibonyeza mfupa wenyewe kwa nyuma ya kifundo unauma, au mtu hawezi kutembea hatua nne, pale alipoumia na hata alipofika kwa daktari. Mojawapo ikiwepo, usisubiri kesho.

Eksirei inaonyesha mifupa. Ligamenti na meniskasi hazionekani humo. Kwa hiyo kauli ya "picha imetoka, hakuna kilichovunjika" haimaanishi goti ni zima. Daktari mwenye uzoefu anaweza kutambua ACL iliyokatika kwa kulivuta goti kwa namna maalumu, ila ni vizuri zaidi uvimbe ukishapungua. Kwa hiyo rudi tena baada ya siku tano hadi kumi, hata kama mara ya kwanza uliambiwa upumzike tu.

Goti likiendelea kukwama, kukimbia au kuvimba, omba rufaa. Kutoka Tukuyu hadi jijini Mbeya ni kama kilomita 70, na huko ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Majeraha makubwa ya ligamenti hufika hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, ambako upasuaji wa goti kwa matundu madogo hufanyika. Kabla ya safari, uliza bima inalipia nini na nini kitatoka mfukoni. Hesabu si ya upasuaji peke yake. Kuna nauli, malazi ya msindikizaji, na miezi ya mazoezi ya fiziotherapia baada yake. Goti lililopasuliwa halafu likakosa fiziotherapia huwa gumu na dhaifu.

Vipimo vya kurudi

Mtu anaweza kujisikia mzima wakati mguu bado haujawa tayari. Ndiyo maana kunatumika vipimo.

Kwa goti, kigezo kinachotumika sana ni kulinganisha miguu miwili. Mguu ulioumia unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mzima, kwa nguvu za paja na kwa kuruka. Mfano: simama kwa mguu mzima, ruka mbele, tua kwa mguu huohuo bila kuyumba. Ukifika sentimita 150, mguu ulioumia unatakiwa ufike angalau sentimita 135, nao utue bila goti kuingia ndani. Jaribio hili lifanyike mtaalamu akisharuhusu kuruka, si wiki ya kwanza.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la British Journal of Sports Medicine ulifuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 106 waliofanyiwa upasuaji wa ACL. Kati ya waliorudi kwenye michezo ya kuruka na kugeuka bila kutimiza vigezo, asilimia 38.2 waliumia tena goti. Kati ya waliotimiza, ni asilimia 5.6 tu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa asilimia 51.

Kwa kifundo: simama kwa mguu ulioumia sekunde 30, kisha rudia ukiwa umefumba macho, ruka mara kumi kwa mguu huo, kimbia kwa kukata kona. Ukiona unayumba au unaogopa kukanyaga, bado. Kifundo kilichowahi kuteguka ni rahisi kuteguka tena, hivyo mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yaendelee hata baada ya kurudi, na kukifunga au kukivalisha kifaa cha kukibana kunasaidia.

Ngazi za kurudi ni hizi:

1. Kutembea bila kuchechemea, pamoja na kupanda na kushuka ngazi.
2. Kukimbia taratibu kwa mstari ulionyooka.
3. Kukimbia kwa kasi, kusimama ghafla, kukata kona, kuruka na kutua.
4. Mazoezi na timu bila kugusana.
5. Mazoezi kamili ya kugombea mpira.
6. Mechi kwa dakika chache, kisha kuongeza.

Baada ya kila ngazi subiri hadi kesho yake. Goti likiamka bila uvimbe na bila maumivu mapya, panda. Likivimba, shuka ngazi moja. Na kwa Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ngazi ya tatu kwenda juu isifanyike kwenye saruji yenye maji. Bora kukosa zoezi la siku moja.

Nani anaamua

Katika vyuo vingi timu haina daktari wake. Kocha ndiye mwalimu, ndiye mpanga timu, na wakati mwingine ndiye mfunga bandeji. Si haki kumbebesha na uamuzi wa kitabibu, hasa akiwa na mechi ya kushinda.

Mpangilio mzuri ni huu. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anasema kama mwili unaruhusu. Mchezaji mwenyewe anasema kama anataka na anajiamini. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anashirikishwa kabla ya yote, kwa simu kama yuko mbali. Kocha anakuwa wa mwisho, na kazi yake ni kuamua dakika ngapi, si kama goti limepona. Mmoja akisema hapana, jibu ni hapana.

Mchezaji naye awe mkweli. Kuficha maumivu ili usiachwe kwenye basi la mashindano kunawaumiza na wenzako: timu inakwenda na wachezaji wachache wenye kuhesabika, na nafasi yako ingechukuliwa na mtu mzima.

Je, uahirishe masomo ili ucheze mwakani?

Wapo wanaofikiria hivi: kama Marekani wanahifadhi msimu, basi na mimi niahirishe mwaka, nirudi nikiwa mzima, nicheze.

Kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa kupo katika vyuo vingi. Unahitaji barua, taarifa ya daktari na idhini ya chuo kabla ya kuondoka. Mwenye mkopo wa elimu ya juu ahakikishe chuo kimeiarifu Bodi ya Mikopo, vinginevyo anaweza kupata usumbufu wa fedha akirudi. Utaratibu huu umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye ugonjwa unamzuia kusoma, kwa mfano aliye katikati ya upasuaji na hawezi kuhudhuria vipindi au kwenda mazoezi ya kufundisha.

Kuutumia kwa ajili ya mashindano peke yake ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Unaongeza mwaka wa ada na malazi, unachelewa kuingia kwenye ajira, na hakuna anayekuhakikishia kwamba mwakani chuo kitapeleka timu.

Kilicho karibu zaidi na shati jekundu kwa Mtanzania ni ligi za mitaani na za mikoa zilizo chini ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF. Huko hakuna anayekuuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Mwenye miaka 21 akimaliza chuo bado ana miaka kumi ya kucheza, akiwa na goti la kuchezea.

Hofu nyingine ni kwamba ukikosa msimu mmoja hutaonekana tena. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alianza kikapu akiwa tayari kijana wa sekondari Dar es Salaam, wakati wenzake wa Marekani huanza utotoni. Alifika chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis. Njia yake ni ya nadra, lakini inaonyesha kwamba mlango haufungwi kwa mwaka mmoja.

Msimu wa nje si wa kulala

Anayekaa nje na kujitenga hupata shida mbili: mguu unakonda na moyo unavunjika. Wengi huacha mchezo kwa sababu ya hilo la pili.

Njoo mazoezini kama kawaida. Fanya mazoezi ya paja uliyopewa, hata yale ya kukaza msuli ukiwa umekaa kitandani. Rusha mipira huru ukiwa umekaa kwenye kiti, mkono usisahau. Jifunze kuandika karatasi ya alama, kushika saa na kupuliza filimbi. Kaa pembeni ya kocha uone mchezo kwa jicho lake.

Kwa anayesomea ualimu hii si kazi ya kujifariji. Shule atakayopangiwa huenda haina mwalimu wa michezo, na yeye ndiye atakayeulizwa nani anajua kanuni za kikapu. Rungwe inafahamu uzito wa timu ya nyumbani: Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara mwaka 1986. Timu kama hizo hujengwa pia na wanaojua kufundisha na kuchezesha.

Yule wa mwaka wa pili afanyeje?

Turudi uwanjani. Alisikia mlio, goti lilivimba ndani ya saa chache, halikunji. Hizo ni dalili za jeraha kubwa hadi ithibitike vinginevyo. Hakuna kucheza, hakuna kuchua, asubuhi ni hospitali.

Ikitoka kwamba ni ligamenti ya ndani iliyovutika kidogo, wiki tano zinaweza kutosha. Aanze ngazi ya kwanza, na wiki ya nne apimwe. Akifaulu, asafiri na timu na aanze kwa dakika chache. Asipofaulu, asafiri kama mwandika alama.

Ikitoka kwamba ni ACL, msimu umeisha na mjadala umeisha. Kinachobaki ni kupanga: magongo ya kumfikisha darasani, kuongea na mkufunzi wake mapema ili apangiwe mazoezi ya kufundisha kwenye shule isiyo na mlima mrefu, rufaa, bima, na mazoezi ya paja kila siku hata kabla ya upasuaji. Akifuata hayo, mwakani wakati kama huu anaweza kuwa mwalimu mpya anayeruka ribaundi na wanafunzi wake.

Na ikiwa picha hazijatoka, jibu la kumpa kocha kesho asubuhi ni fupi: "Mwalimu, bado sijui. Nikijua nitakwambia."